Maswali Yenu: Kompyuta ya Ofisi Inanasa Nini?

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nina ofisi ndogo ya uhasibu Morogoro yenye kompyuta nne za Windows. Tumekubaliana na wafanyakazi kuweka ActivityWatch, programu inayorekodi madirisha yanayofunguliwa kwenye kompyuta na muda wake, ili tujue kazi ya kila mteja inakula saa ngapi. Sasa inanasa hadi vichwa vya barua pepe zao binafsi, mambo ambayo sitaki kuyaona. Nimebadilisha mipangilio, nikahifadhi, lakini hali ni ileile.

JIBU: Mara nyingi kinachokwamisha hapo ni alama ya #. Bonyeza Windows na R kwa pamoja, andika %LocalAppData%\activitywatch\activitywatch\aw-watcher-window kisha Enter. Fungua faili la aw-watcher-window.toml kwa Notepad. Utaona mistari ya mipangilio imetanguliwa na #, na mstari wenye # programu huuruka kana kwamba haupo. Ukibadilisha false kuwa true ukaiacha # mahali pake, hujafanya kitu. Ifute, mstari usomeke exclude_title = true (yaani vichwa vya madirisha visinaswe) kwa herufi ndogo, uhifadhi. Kisha bofya kwa kulia alama ya ActivityWatch iliyo karibu na saa, ingia Modules, ondoa tiki ya aw-watcher-window na uirudishe. Faili hilo husomwa sehemu hiyo inapowashwa tu.

Lakini subiri kidogo. Ukifuta vichwa vyote, ripoti itakuonyesha chrome.exe na neno excluded kutwa nzima. Mhasibu wa leo anafanya karibu kila kitu ndani ya kivinjari, kwa hiyo hutajua ritani ya kodi ya mteja imechukua muda gani, na hilo ndilo ulilolitaka. Afadhali uache exclude_title kwenye false, utumie mstari wa exclude_titles ambao hufunika vichwa unavyovitaja tu, mfano exclude_titles = ["WhatsApp", "Gmail"]. Ukikuta faili lako halina mstari huo, huenda toleo lako ni la zamani; weka jipya, kisha uongeze mstari huo mwenyewe.

Kuna mlango mwingine ambao wengi huusahau. Kama mliongeza kiendelezi (programu ndogo ya nyongeza) cha ActivityWatch ndani ya Chrome au Firefox, chenyewe huandika anwani kamili ya ukurasa na kichwa chake, na huhifadhi pembeni. Mipangilio uliyobadilisha haikigusi. Kama huhitaji anwani, kiondoe.

Yaliyokwisha kunaswa hayafutiki yenyewe. Fungua localhost:5600 kwenye kompyuta husika, ingia Raw Data, ufute kapu (bucket) ambalo jina lake linaanza na aw-watcher-window. Litaondoka lote pamoja na takwimu zako za kazi, hivyo nakili kwanza unachohitaji. Na kila mfanyakazi awe na akaunti yake ya Windows. Wawili wakitumia moja, saa zao zinachanganyika na hakuna wa kuzitenganisha.

SWALI: Karani wangu husoma mikataba mirefu. ActivityWatch inasema hayupo mezani, naye yupo. Je, inahesabu herufi anazoandika?

JIBU: Haihesabu. Sehemu iitwayo aw-watcher-afk hutazama tu kipanya au kibodi viliguswa mara ya mwisho lini. Zikipita sekunde 180 bila kuguswa, inaandika kwamba mtu ameondoka. Kwenye folda ya aw-watcher-afk, iliyo kando ya ile ya aw-watcher-window, fungua faili la .toml, toa # na uandike timeout = 600, yaani dakika 10. Ujue tu kwamba hapo hata anayetoka dakika nane kunywa chai atahesabiwa yupo.

SWALI: Kumbukumbu za Windows zinaonyesha mfanyakazi aliingia 04:55. Anaapa kwamba alifika saa mbili kasoro dakika tano asubuhi. Nani mkweli?

JIBU: Wote. Inaelekea kwenye Event Viewer, programu ya Windows ya kusomea kumbukumbu hizo, ulisoma upande wa Details kwa mtindo wa XML, ambako muda huandikwa kwa UTC (saa ya kimataifa) na kumalizikia na herufi Z. Afrika Mashariki iko mbele kwa saa tatu, hivyo 04:55 ni 07:55 ya hapa. Ukurasa wa General huonyesha saa za kompyuta yenyewe.

Ukiwa hapohapo, tazama Logon Type (aina ya kuingia) kwenye tukio namba 4624, ambalo ni la kuingia kwenye kompyuta. Namba 2 ni mtu aliyekaa mbele ya mashine, 7 amefungua skrini iliyofungwa, 10 ameingia kwa mbali. Namba 5 ni huduma za Windows, nazo ni nyingi, hata usiku wa manane. Usimwite mtu ofisini kwa sababu yake. Kumbukumbu hizo kwa kawaida zina nafasi ya MB 20, zikijaa za zamani hufutwa. Kuongeza hadi MB 200, fungua Command Prompt kama msimamizi uandike: wevtutil sl Security /ms:209715200

SWALI: Programu tuliyonunua hupiga picha ya skrini kila sekunde 10 na hunasa kila herufi inayobonyezwa. Diski inajaa. Tupunguze nini? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Zima kunasa herufi leo. Nywila za benki za wafanyakazi, na za kampuni yenyewe, zimo ndani ya faili la herufi hizo, na atakayeliiba hahitaji kingine. Mzigo wa diski ni hizo picha: kila sekunde 10 kwa saa nane ni picha 2,880, na kila moja ikiwa KB 200 ni MB 576 kwa siku kwa kompyuta moja. Ukiweka kila dakika 5 zinabaki 96, kama MB 19. Zipangie kujifuta baada ya siku 30. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka ukusanye kinachohitajika tu na mhusika aambiwe, kwa hiyo wape wafanyakazi maandishi yanayotaja kinachonaswa, anayekisoma na siku kitakapofutwa.