Re: Jaji kampa ushindi mteja wake, nifanyeje?

Salaam ndugu. Nimekusoma: mbuzi wako wa maziwa kawa wa 3 kwenye mashindano ya mbuzi, na aliyeshinda ni mtu aliyenunua beberu kwa jaji huyohuyo.

Kabla ya kumtuhumu mtu, fungua kanuni za mashindano, kipengele cha mgongano wa maslahi. Mara nyingi jaji hukatazwa kuhukumu mnyama aliyemzalisha au kumuuza karibuni, au wa jamaa yake. Kumuuzia mshindani beberu huenda kusihesabiwe, kwa hiyo soma neno kwa neno. Hapohapo angalia muda wa rufaa. Mimi mwaka wangu nilichelewa siku 1 tu, barua yangu ya rufaa haikufunguliwa. Iliniuma mno, maana hoja nilikuwa nayo.

Kisha omba karatasi ya alama alizoandika jaji, kama ipo. Ya mbuzi wangu ilisema kiwele kimelegea kwa mbele. Nikarudi bandani, nikakishika kwa mkono, kweli kimelegea. Ila mgongo walioandika "umebonyea" ulikuwa umenyooka kama rula, na picha ninazo. Hilo ndilo la kupigania. Mbuzi wako sijamwona, basi mshike mwenyewe kwanza. Barua iwe na tarehe ya mauzo na picha, siyo "kila mtu anajua".