Mkanda mweusi ndani ya kizimba

Tangu tuligusie suala la MMA, mapigano ya kizimbani yanayochanganya ngumi, mateke na mieleka, toleo lililopita, barua za watu wa karate, judo na kung fu hazijakatika. Tumechagua tano.

SWALI: Nina mkanda wa kahawia wa karate ya Shotokan, mwaka wa saba sasa. Binamu yangu ana miezi minane tu kwenye MMA na anajigamba kuwa sitafika dakika ya pili mbele yake. Sote tuna kilo 70. Anasema kweli au ni utani tu? — Msomaji, Tanga

JIBU: Binamu ni mtani wako, lakini safari hii utani wake una ukweli ndani.

Mapigano yana masafa matatu: ya mbali kwa mateke na ngumi ndefu, ya kushikana, na ya chini. Wewe umefundwa masafa ya kwanza, na umefundwa vizuri. Kuingia kwa gyaku-zuki, ile ngumi ya mkono wa nyuma, na kutoka kabla hujaguswa ni ujuzi ambao mtu wa miezi minane hana. Mkiwa mmesimama mbalimbali, sekunde thelathini za mwanzo ni zako.

Taabu inaanza ukishapiga. Kumite ya pointi, yaani pambano la karate, inauzoesha mwili kutoa pigo moja safi, kupiga ukelele, kisha kumsubiri refa aseme “yame”, yaani simama. Kizimbani hakuna yame. Ile nusu sekunde unayosimama kuonyesha kuwa umepata ndiyo anayoitumia kuinama na kukushika mapaja. Kanuni zinaingia mwilini kuliko tunavyodhani. Kwenye fainali ya karate ya uzito wa juu, Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa mbele kwa 4–1 alipompiga Sajad Ganjzadeh wa Iran teke la kichwani lililomzimisha. Hamedi aliondolewa kwa kutumia nguvu kupita kiasi, na Ganjzadeh akazinduka na dhahabu. Kwa karate uamuzi ule ulikuwa halali kabisa. Kwa MMA teke lile lile ndilo lingekuwa ushindi. Usiwalaumu waamuzi, bali jiulize miaka saba ya kulizuia teke kabla halijatua imeufundisha nini mguu wako.

Chunguza mambo matatu. Kwanza, msimamo. Zenkutsu ndefu, ule msimamo wa goti la mbele lililokunjwa, inaubebesha mguu wa mbele uzito mwingi, nao hauwezi kuinuka haraka. Atakupiga teke la chini upande wa nje wa shavu la mguu, karibu na goti, mahali unapopita mshipa wa fahamu unaoinua wayo. Mateke mawili matatu ya hapo na wayo unaanza kuburuza. Fupisha msimamo hadi upana wa mabega na zaidi kidogo, uweze kuinua goti na kuligeuza nje kukinga.

Pili, mkono unaorudi kiunoni. Kwenye kata, ule mfululizo wa mapigo unaoufanya peke yako, kitendo hicho kina maana ukiwa umemshika mtu na unamvuta. Kama hujashika kitu, umeacha shavu wazi. Mkono usiopiga ukae kwenye taya.

Tatu ndilo kubwa: kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Uwanja wa karate ukiuvuka unapewa onyo, lakini kizimba kina wavu, na mgongo ukishagota hapo masafa yako ya mbali yamekufa. Piga, kisha toka kwa pembeni, ukielekea nje ya mguu wake wa mbele.

Akikushika kabla hujarekebisha mambo hayo matatu, utaanguka, na ukianguka hujui pa kuanzia. Hapo dakika mbili ni nyingi.

SWALI: Mwalimu wetu wa kujihami husema MMA ni mchezo tu, kwa sababu wamekataza macho, koo na sehemu za siri. Mtu wa mitaani angewamaliza kwa hizo. Mnasemaje? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Mwalimu wako yuko sahihi kwamba kanuni zinakataza hayo, pamoja na kuuma, kupiga kisogo na kukunja kidole kimoja kimoja. Kosa liko kwenye hitimisho.

Mashindano ya mwanzo ya UFC, shirika kubwa la MMA, yalikuwa na makatazo machache sana. Desemba 1994, UFC 4, Keith Hackney wa mtindo wa kenpo alimpiga Joe Son ngumi mfululizo sehemu za siri, na sheria za siku ile zilimruhusu. Pambano halikuishia hapo. Liliisha Hackney alipombana koo, naye Son akasalimu amri. Maumivu hayamzuii mtu aliyekwisha kukushika.

Halafu kuna suala la mazoezi. Kidole cha jicho huwezi kukifanyia mazoezi kwa nguvu zote juu ya mwenzako, kwa hiyo unakifanyia hewani. Kabari, yaani kuibana shingo ya mpinzani kwa mkono, unaweza kuipiga mara elfu juu ya mtu anayekataa kwa nguvu zote, maana akigonga mkeka unamwachia. Na kabari ya nyuma ikikaa sawasawa, ikibana mishipa ya damu ya pande mbili za shingo badala ya koromeo, mtu anazimia ndani ya sekunde kama kumi. Zaidi ya yote, anayekukalia kifuani naye ana vidole, na yuko mahali pazuri pa kuyafikia macho yako kuliko wewe yake.

SWALI: Video ya mzee wa taichi akipigwa China inanisononesha. Je, kung fu yote ni ngoma tu? — Msomaji, Nairobi

JIBU: Yule ni Wei Lei, aliyekutana na mpiganaji wa MMA Xu Xiaodong mjini Chengdu Aprili 2017. Xu alimwangusha na kummaliza ndani ya sekunde chache. Lakini tazama miguu na mikono ya Wei kabla ya ngumi ya kwanza: mikono imenyooshwa mbele, kidevu kiko juu, na ngumi zinapokuja anarudi nyuma wima. Hiyo ni alama ya mtu ambaye hajazoea kupigwa, na ungeikuta hata kwa bondia wa wiki ya kwanza.

Kung fu ina mtoto wake anayepigana kweli, sanda: ngumi, mateke na kubwaga, mbele ya mpinzani anayejibu. Cung Le alitoka huko. Machi 2008 alimvunja mkono Frank Shamrock kwa mateke na kuchukua ubingwa wa shirika la MMA la Strikeforce. Zhang Weili naye alilelewa na sanda na mieleka ya Kichina, na Agosti 2019 mjini Shenzhen alimmaliza Jéssica Andrade kwa sekunde 42 na kuwa bingwa wa UFC.

SWALI: Huku kwetu tunapenda mieleka ya Senegal. Wale majitu wa mchangani wangefaa MMA? — Msomaji, Goma

JIBU: Wamo tayari, na matokeo yamegawanyika. Laamb, ndiyo hiyo mieleka ya Senegal, inampa mtu shina lisiloyumba, mikono inayojua kupita chini ya kwapa, na katika aina yake yenye ngumi, ujasiri wa kuingia huku akipigwa. Inachomnyima ni mambo ya chini, kwa kuwa mgongo ukigusa mchanga mchezo umekwisha. Mpiganaji wa laamb akianguka, mwili unaamini ameshashindwa. Pumzi nayo ni tatizo, kwani raundi za MMA ni dakika tano tano, tatu kwa pambano la kawaida na tano kwa la ubingwa.

Oumar Kane, “Reug Reug”, aliyaziba mapengo hayo kwa miaka, na Novemba 2024 alimshinda Anatoly Malykhin kwa pointi na kutwaa ubingwa wa uzito wa juu wa shirika la MMA la ONE. Bombardier, aliyekuwa mfalme wa mchanga nyumbani, alikutana na Mariusz Pudzianowski huko Poland Oktoba 2021 na hakumaliza hata sekunde ishirini.

Judo ni ndugu wa karibu wa hadithi hii. Tangu 2013 kushika miguu kwa mikono kumepigwa marufuku kwenye mashindano yake, kwa hiyo wanajudo wa leo hawazoei kujihami na mtu anayevamia mapaja. Na bila kola ya gi, lile vazi la judo, nusu ya mishiko yao inapotea. Wabadilishe kola kwa shingo na kwapa, na nyonga ifanye kazi ile ile.

SWALI: Sitaki kuacha karate. Nipeni ratiba ya miezi mitatu ya kuziba mapengo, na mniambie kama mikeka ya dojo yetu ya sentimita 2 inatosha. — Msomaji, Mombasa

JIBU: Hata Lyoto Machida, aliyetwaa ubingwa wa UFC mwaka 2009 kwa Shotokan, alikuwa na sumo na mkanda mweusi wa jujitsu ya Kibrazili nyuma yake. Kwa hiyo hufanyi usaliti wowote.

Wiki ya 1 hadi 4, siku mbili kwa wiki, baada ya karate na si badala yake. Anza na kujihami dhidi ya kushikwa miguu: mwenzako anavamia, unatupa miguu yote miwili nyuma na kumwangushia nyonga juu ya mabega. Mara 10, seti 5. Kosa la kawaida ni kuinama kiunoni huku miguu ikibaki mbele, na hapo anakubeba. Kisha ukutani: mgongo umegota, mwenzako anakubana, una dakika moja kupitisha mkono chini ya kwapa lake, kugeuka na kutoka. Mara 6. Malizia kwa kuinuka kutoka chini ya mtu, dakika tatu mara 4, bila ngumi.

Wiki ya 5 hadi 8, unganisha: unapiga, anavamia, unajihami, unatoka kwa pembeni. Hapo pia ujifunze kabari ya nyuma na kuikinga, yaani kidevu chini na mikono yote miwili kwenye mkono mmoja wake.

Wiki ya 9 hadi 12, raundi tatu za dakika tano, mapumziko dakika moja, kwa nguvu kama nusu. Tumieni glovu za aunsi 16 mkiwa mmesimama, na zile za aunsi 4 ziacheni kwa mashindano. Siku ya nguvu iwe moja tu kwa wiki. Atakayepigwa kichwani akaona kizunguzungu, kutapika au kichwa kuuma, asirudi mazoezini hadi daktari amruhusu.

Mikeka ya sentimita 2 inafaa kwa kata na kumite. Kwa kubwagana tafuta ya sentimita 4, iliyobanana bila mwanya, kwa sababu vidole vya miguu huvunjikia kwenye mianya. Hadi muipate, anzeni mazoezi ya kushikana mkiwa mmepiga magoti, ili atakayeanguka asianguke kutoka juu.