Kuongeza muda wa H-1B ukiwa mwalimu wa chuo: usimwachie mtu tarehe zako

Wiki iliyopita barua ya idhini ilifika. H-1B yangu, yaani kibali cha kufanya kazi Marekani kwa ombi la mwajiri, imeongezwa muda. Niliipiga picha nikaituma kwenye kundi la familia WhatsApp, dua zikamiminika, na kaka yangu akauliza kama hiyo sasa ndiyo grini kadi. Siyo. Nimeshachoka kumweleza tofauti.

Siku hiyohiyo nikapata ujumbe wa kijana mmoja wa kwetu Kenya aliyeajiriwa mwaka huu kufundisha Kiswahili katika chuo kimoja cha Midwest. "Shikamoo Mwalimu," ameandika. "Hapa wameniambia ofisi ya kimataifa inashughulikia kila kitu, nisiwe na wasiwasi. Nilitaka tu kujua kama kuna jambo la kuzingatia." Nilimjibu kwa sauti ndefu mno, nikalala, nikaamka na mengine. Bora niyaandike hapa, maana najua wako wengi.

Marahaba, mdogo wangu. Jambo la kuzingatia ni hilohilo walilokwambia usiwe na wasiwasi nalo.

Habari ya jinsi nilivyofika Marekani nairuka. Safari zetu zinafanana: maombi, barua za mapendekezo, baridi ya mwaka wa kwanza, kazi ya kusahihisha insha za wanafunzi wanaoandika "mimi ni njaa". Nianzie pale nilipopata kazi ya kudumu kidogo, yaani ile ya mkataba unaoongezwa mwaka hadi mwaka, na chuo kikaniombea H-1B.

Wanaoajiriwa na vyuo wana neema moja kubwa: hatumo kwenye ile bahati nasibu ya kugawa H-1B ya kila Machi. Makampuni yanagombania nafasi 65,000 kwa mwaka na 20,000 za ziada kwa waliosoma shahada ya uzamili au zaidi Marekani. Chuo kinaweza kuomba mwezi wowote. Sheria inaruhusu hadi miaka 3 kwa ombi moja, na 6 kwa jumla. Lakini idara huomba kulingana na mkataba, na mikataba yetu walimu wa lugha unaijua. Kwa hiyo mimi nimeishi kwa kuongezewa vipande vidogovidogo, kama mtu anayenunua tokeni za umeme za shilingi mia.

Ombi lenyewe ni la mwajiri. Fomu I-129 inajazwa na kutiwa saini na chuo, wewe jina lako limo tu. Kabla ya hapo chuo kinapeleka fomu Idara ya Kazi kuonyesha kwamba mshahara wako haushuki chini ya unaolipwa kazi kama hiyo mahali hapo. Na kuhusu fomu hiyo lazima wafanyakazi wenzako waarifiwe: vyuo vingi hubandika tangazo sehemu mbili za jengo kwa siku 10. Langu walilibandika pembeni ya jiko dogo la idara, juu ya mashine ya kahawa. Halikuandikwa jina. Liliandikwa cheo, muda na mshahara, na mwalimu wa Kiswahili katika jengo zima ni mmoja. Profesa mmoja akasimama pale na kikombe chake, akasoma mpaka mwisho, akanigeukia na kuniambia kwa huruma ya kweli kwamba hakujua wanatulipa kidogo hivyo. Nikasema asante. Sisi tuliokulia Pwani, mshahara wako hata mumeo anaukisia.

Basi, tufike kwenye lililoniuma.

Nilikuwa nimetoka Malindi likizo, nikapita kwa afisa wa uhamiaji uwanja wa ndege, akanigongea, nikaenda zangu. Barua yangu ya idhini ilisema naweza kukaa mpaka mwisho wa Julai. Siku chache baadaye nikaingia kwenye tovuti ya forodha na ulinzi wa mipaka kuchukua I-94 yangu, ile rekodi ya kuingia inayotaja siku yako ya mwisho ya kukaa, kwa sababu mimi ni mtu wa kuhifadhi karatasi, mama alinilea hivyo. I-94 ikasema Machi. Nikafikiri ni makosa ya kuchapa. Hayakuwa makosa. Pasipoti yangu ilikuwa inaisha Machi, na afisa anaweza kukata siku zako zikome pale pasipoti inapokoma, hata kama idhini ya H-1B inaendelea mbele. Na kinachohesabika, mdogo wangu, ni ile I-94 ya mwisho uliyopewa. Viza iliyobandikwa kwenye pasipoti ni ya kuingilia mlangoni tu. Inaweza kuisha na wewe ukaendelea kufanya kazi bila tatizo. I-94 ikiisha na hakuna ombi lililopelekwa, umekaa kinyume cha sheria, hata kama kila asubuhi uko darasani unafundisha ngeli.

Nikachapisha ile karatasi nikampelekea mhusika wa ofisi yetu ya kimataifa. Akaitazama, akasema kinachotazamwa ni barua ya idhini, nisijisumbue. Nikamwandikia baruapepe. Akajibu kwa alama ya kidole gumba. Nikamwandikia mkuu wa idara, naye akanirudisha kwa yuleyule. Muda wote huo dirisha lilikuwa wazi, kwa sababu ombi la kuongeza muda linaweza kupelekwa hadi miezi 6 kabla ya tarehe ya mwisho. Mwishowe nilipata jina la wakili wa chuo, nikamwandikia yeye moja kwa moja na kuambatanisha kurasa mbili. Jioni ileile nikapigiwa simu, na sauti zilikuwa zimebadilika. Ombi likapelekwa Machi yenyewe, pembeni kabisa mwa tarehe.

Hakuna aliyeniomba radhi. Nasema tu.

Ombi likipelekwa kabla ya I-94 kuisha, sheria inakuruhusu kuendelea na kazi kwa mwajiri yuleyule hadi siku 240 wakati jibu linasubiriwa. Hivyo mshahara haukukatika. Lakini maisha si mshahara peke yake. Leseni yangu ya udereva iliandikwa tarehe ileile ya I-94. Nikaenda kuiongeza nikiwa na risiti ya ombi kutoka USCIS, idara ya uhamiaji, ile I-797C, nikiwa nimevaa vizuri kama ninaenda mahojiano. Mama wa dirishani akaipokea, akaweka kidole kwenye mstari wa juu ulioandikwa kwa herufi kubwa, akanisomea polepole kama ananifundisha: notisi hii haimpi mtu hadhi yoyote ya uhamiaji wala manufaa. Nikamweleza habari ya siku 240. Akaita aliye nyuma yangu. Nikapanda basi majira yote ya kuchipua, na huku kwetu basi hupita kila saa likipenda.

Halafu mamangu mkubwa aliyenilea akafariki. Maziko yetu hayasubiri mtu, hilo nalijua, nisingeyawahi hata ningekuwa na mabawa. Lakini hitima ya arobaini ningeiwahi. Nikaomba idara ilipie huduma ya haraka ambayo USCIS inajibu ndani ya siku 15 za kazi. Ada yake tangu Februari 2024 ilikuwa dola 2,805. Wakasema bajeti haina. Nikasema nitalipa mwenyewe, maana ni kwa safari yangu. Wakasema fomu lazima ipitie kwao, na mhusika yuko likizo. Na hata ingelipwa, viza yangu ya zamani ilikuwa imeshaisha, kwa hiyo bado kulikuwa na miadi ya ubalozi Gigiri, ambayo bila barua ya idhini mkononi usingeenda nayo popote. Dua niliisikiliza kwa simu, nimekaa ndani ya gari nisiloruhusiwa kuliendesha, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mwenzangu anafanya mkutano.

Kwa hiyo mtu akiniambia "ofisi inashughulikia", mimi hucheka.

Sasa nikwambie nifanyavyo. Kila nikiingia Marekani, kabla hata sijafungua sanduku, natoa I-94. Naandika tarehe yake kwenye kalenda ya simu, kisha nahesabu nyuma miezi 8 na kuandika tena. Miezi 8, si 6, kwa sababu idara itahitaji miezi miwili ya kutafuta nani anaweka saini. Pasipoti naiongeza mapema kuliko wanavyodai; kuomba ni kwa eCitizen, lakini alama za vidole utasafiri mpaka ofisi ya ubalozi wetu, na huko nako kuna foleni yake. Hati za mshahara naziweka zote, maana siku ya kuongeza muda wataziomba kama ushahidi kwamba ulikuwa kazini kama ilivyoandikwa. Kila ninachosema ofisini nakiandika kwa baruapepe. Ukisema kwa mdomo hujasema.

Na lingine, ambalo vijana hawapendi kulisikia. H-1B ni ya mwajiri mmoja na kazi iliyoandikwa. Wakikupunguzia saa ukawa wa nusu, au wakakuhamishia kampasi ya mji mwingine wa mbali, ombi la marekebisho linatakiwa kupelekwa kwanza. Ukihama nyumba, una siku 10 kuwaarifu USCIS kwa fomu AR-11. Na vibarua vya pembeni, acha. Najua mshahara ni mdogo, umebandikwa pale juu ya kahawa kila mtu ameuona. Mji wetu una familia nyingi za Wakongomani waliokuja kama wakimbizi, na hospitali zinatafuta wakalimani wa Kiswahili usiku na mchana. Wamenipigia mara nyingi. Pesa yao kwa saa inashinda ya chuo. Chuo kingine kiliwahi kunialika kutoa mhadhara na kunitumia fomu ya kunilipa takrima. Nikawaandikia nitapokea nauli na chumba, bahasha hapana. Kuna mtu nilisoma naye, mwenye akili kuliko mimi, aliyesema hakuna atakayejua. Sasa yuko nyumbani, na si kwa kupenda. Kila mmoja ana dhiki zake, lakini dhiki hailindi hadhi ya mtu.

Zamani ukiteleza kidogo mwajiri aliweza kuomba upya, ukatoka, ukapiga viza, ukarudi. Tangu tangazo la Rais la 19 Septemba 2025 mambo yamekuwa mengine. Maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje ya nchi yaliwekewa malipo ya dola 100,000, na vyuo havikusamehewa. Oktoba mwaka huohuo USCIS ikafafanua kwamba malipo hayo hayamgusi anayeongezewa muda akiwa ndani ya nchi na hadhi yake ni nzima. Soma tena hayo maneno ya mwisho. Wakikuta hadhi ilishavunjika, hawakuongezi muda ukiwa hapa, na yale malipo yanamdondokea mwajiri. Idara iliyokosa 2,805 ya safari yangu ya msiba, unadhani itatoa laki moja?

Nawasikia pia wanaosema chuo kina dharau, bora kampuni. Hama ukitaka, lakini ukitoka chuoni kwenda kampuni ya kawaida unarudi kwenye bahati nasibu uliyokuwa umesamehewa, na kazi ya kampuni haianzi mpaka upite humo. Na kazi ikikatika, iwe chuo au kampuni, una siku 60 tu za kupata mwajiri mwingine au kuondoka, au mpaka I-94 iishe, lolote litakalotangulia. Kwa hiyo usitupe barua ya kuacha kazi kwa hasira ya mkutano mmoja. Lala kwanza.

Na ile miaka 6. Siku ulizokuwa nje ya Marekani hazihesabiwi, unaweza kuzidai zirudishwe, kwa hiyo mihuri ya JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, na tiketi zako ni mali. Kuvuka miaka 6 kwa kawaida kunataka mwajiri awe ameanza safari ya grini kadi, na ombi la hatua ya Idara ya Kazi au la I-140, fomu ya mwajiri ya kukuombea grini kadi, liwe limepelekwa angalau siku 365 kabla ya mwongezo unaoutaka kuanza. Kwa walimu wa chuo ipo njia nyepesi: chuo kinaweza kutumia tangazo na usaili uleule uliokuajiri, mradi kipeleke maombi ndani ya miezi 18 tangu walipokuchagua. Baada ya hapo, kwa kawaida, lazima nafasi yako itangazwe upya na wewe uigombee wakati umeikalia. Mimi miezi 18 yangu ilipita nikiwa naambiwa nisiwe na wasiwasi. Mwaka huu idara itatangaza nafasi yangu, na nimeombwa nisaidie kuandika sifa za mwombaji.

Wewe bado uko ndani ya muda. Jumatatu mwandikie mkuu wa idara, kwa heshima, mistari mitatu tu: kamati ilinichagua tarehe ngapi, tangazo la kazi na kumbukumbu za usaili zimehifadhiwa na nani, na chuo kina sera gani ya kuwaombea walimu wa ngazi yangu. Nakala kwa ofisi ya kimataifa. Wakikujibu kwa kidole gumba, niandikie, nitakupa mistari mingine mitatu.