Ekzosi inawachoma abiria

SWALI: Nabeba abiria kwa pikipiki kutoka Kayole hadi mjini. Wanalalamika kwamba ekzosi (bomba la moshi) inawachoma mguu wa kulia, hasa tukikwama kwenye foleni. Nifanyeje?
Mwanaboda, Kayole

JIBU: Ndugu, anza na injini. Bomba likigeuka samawati karibu na silinda, huenda petroli inayoingia ni kidogo mno ikilinganishwa na hewa inayohitaji kuchanganyika nayo. Fundi asafishe jeti ya kabureta (kitundu kinachopitisha petroli), akague na gasketi ya ekzosi (pete inayoziba kiungo cha bomba na silinda). Kisha funga ngao ya bati la milimita 1, uiinue kwa washa (vipete vya chuma vya bolti) ikae milimita 10 hivi kutoka kwenye bomba. Nafasi hiyo ya hewa ndiyo kinga yenyewe. Bati likilala juu ya bomba litachoma vilevile. Kitambaa usifunge kwenye bomba kabisa: kikilowa oili kinaweza kuwaka. Na abiria ashukie kushoto.