Wasomaji Wanauliza: Riwaya za wanawake wa kambi za Wanazi, kweli ni ipi na chumvi ni ipi?

SWALI: Shikamoo dada mhariri. Juzi nimemaliza riwaya ya dada wawili Wayahudi waliopelekwa kambi ya Ravensbrück enzi za Hitler, nimelia mpaka kaka yangu kanicheka, eti hizo ni chumvi za waandishi. Humo wanachorwa tatuu ya namba mkononi siku ile ile wanayofika, alafu usiku na njaa zao wanaelekezana kupika keki. Mmoja anapona kwa sababu mlinzi alimpenda. Ipi kweli, ipi ya kutunga?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kaka yako kapatia kwamba chumvi ipo, sema kama anaona ni kwenye keki hapo kakosea. Keki ndo kweli, namba ndo chumvi.

Ravensbrück ilikuwa kambi ya wanawake, ilifunguliwa Mei 1939, kama kilomita 90 hivi kaskazini mwa Berlin, na mpaka vita vinaisha wanawake kama 120,000 walishapitia pale, kundi kubwa kuliko yote wakiwa Wapolandi, Wayahudi walikuwepo ila hawakuwa wengi kama watu wanavyodhani. Pale namba ilishonwa kwenye nguo pamoja na kitambaa cha pembetatu, nyekundu kwa wafungwa wa siasa, zambarau kwa Mashahidi wa Yehova. Tatuu ilikuwa Auschwitz, kambi kubwa ya Wanazi huko Poland, na matawi yake tu. Kwahiyo ukimkuta mfungwa wa Ravensbrück ana tatuu ujue kahamishiwa pale akitokea Auschwitz, na kweli walihamishwa wengi. Mwandishi wako kachanganya kambi, kosa hili nimelikuta kwenye riwaya nyingi mpaka nishazoea.

Sasa keki. Kambi ya Theresienstadt, karibu na Prague, alikuwepo mama mmoja, Mina Pächter, yeye na wenzake waliandika mapishi ya nyumbani kwao kwenye karatasi wakazishona kwa mkono kama daftari. Ukiyasoma yale mapishi mengine yamekosa kiungo, mengine yamerukwa hatua, maana mtu anaandika tumbo tupu, akili inaenda kwenye siagi na mayai inasahau unga. Mina alikufa huko huko mwaka 1944. Kabla hajafa alimkabidhi rafiki yake furushi amfikishie bintiye, na lilichukua kama miaka 25 kumfikia binti akiwa New York. Na Ravensbrück nako walikuwa wanapika kwa mdomo hivo hivo usiku. Kwahiyo mwambie kaka yako aache kucheka.

Hilo la mlinzi aliyependa ndo limenikera zaidi. Kwanza ndani ya kambi ile walinzi wengi walikuwa wanawake, tena pale ndo walikuwa wanafunzwa kazi kabla ya kupelekwa kambi nyingine. Pili, wapo wafungwa waliotolewa Ravensbrück kupelekwa kwenye madanguro ya kambi za wanaume, wakiahidiwa wataachiwa baada ya miezi 6, ahadi ikawa hewa. Ukishajua hilo, mapenzi ya mlinzi na mfungwa yanasomeka vingine kabisa.

Mimi nikisoma simulizi za walionusurika, sioni sana shujaa mmoja, naona wawili wawili. Ndugu, au watu waliokutana tu kwenye foleni wakaitana dada wa kambi. Mmoja akiugua mwenzie anamshikilia asianguke kwenye kuhesabiwa alfajiri, mkate unakatwa nusu, bakuli halitoki mkononi maana huna bakuli huna supu. Na bahati, tena bahati kubwa, kitu ambacho waandishi wengi wanaona aibu kukitaja. Leo pale Ravensbrück, ukingoni mwa ziwa lililo jirani na kambi, kuna sanamu ya mwanamke kambeba mwenzie mikononi.

SWALI: Kwanini riwaya hizi hazigusi hedhi wala mimba? Au waliona aibu?

JIBU: Wenyewe wamesimulia, waandishi ndo wanaruka. Kwa wengi hedhi ilikatika kwa njaa na mshtuko, wakabaki na hofu kwamba hawatazaa tena maishani. Mimba Birkenau, ile sehemu ya Auschwitz yenye vyumba vya gesi, ilikuwa hukumu ya kifo, mjamzito aliyeonekana alipelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha gesi. Daktari Gisella Perl, naye mfungwa, aliwatoa wenzake mimba kwa siri usiku bila vifaa ili waishi. Baada ya vita akaenda New York akawa daktari wa wazazi, akazalisha watoto. Riwaya ya huyo mama peke yake ningeinunua leo.

SWALI: Dada, nataka kuandika hadithi ya wanawake waliopigana kambini. Nianzie wapi, au wanawake hawakupigana?

JIBU: Walipigana mwanangu, ila usitegemee bunduki. Auschwitz kulikuwa na kiwanda cha silaha, wasichana wa Kiyahudi waliokuwa wanafanya kazi humo walikuwa wanaiba baruti kidogo kidogo, wanaifunga kwenye vitambaa na kuificha mwilini, inapita kwa Róza Robota aliyekuwa kwenye stoo ya nguo, mpaka inawafikia wanaume waliolazimishwa kuchoma maiti. Tarehe 7 Oktoba 1944 wanaume hao wakaasi na jengo moja la matanuri likaungua. Róza na wenzake watatu, Ala Gertner, Regina Safirsztajn na Estera Wajcblum, waliteswa wataje wengine kisha wakanyongwa mwanzoni mwa Januari 1945. Jeshi la Kisovieti liliingia tarehe 27 mwezi huo huo, hesabu mwenyewe zilibaki siku ngapi.

Au waangalie wale Wapolandi 74 wa Ravensbrück waliopasuliwa miguu kwa majaribio ya madaktari, wakajiita sungura. Barua zao za nyumbani zilikaguliwa, wao wakaandika kwa mkojo katikati ya mistari, ukipitisha pasi ya moto maandishi yanatokea. Mimi ningeanzia hapo, jikoni kwa mama aliyepokea barua, kabla hajajua kwanini binti yake anamwambia aipige pasi. Ukimaliza sura ya kwanza nitumie niisome, na namba usiichore mkononi.