Sheria mpya ya ununuzi na maabara za vyuo vyetu: niliyoyaona

Mkuu, umeuliza kama Sheria ya Ununuzi wa Umma Namba 10 ya 2023 imevirahisishia kazi vyuo vikuu vya umma hapa Tanzania au imeongeza mlolongo, na kwa nini maabara isubiri kemikali muhula mzima wakati duka la mjini lina mzigo. Nafundisha biolojia katika chuo cha umma tangu 2009. Nimekaa kwenye kamati za tathmini mara kadhaa, na nimewahi kusaini mapokezi ya kifaa ambacho hakikutufaa. Nianzie hapo.

Mwaka 2018 tulipata fedha za utafiti wa miaka miwili. Tulihitaji friza ya nyuzi hasi 80 ya kuhifadhia sampuli za damu, na mimi ndiye niliyeandika spesifikesheni, yaani maelezo ya sifa za kifaa kinachotakiwa. Nikafungua katalogi ya kampuni moja, nikanakili kila kitu hadi namba ya modeli. Kitengo cha ununuzi wakanirudishia, na walikuwa na haki: sheria hairuhusu kutaja chapa kwa namna inayowafungia wengine mlango, na pale ambapo huna njia nyingine ya kukieleza kitu, unaandika "au kinacholingana nacho". Nilikuwa na haraka. Nikafuta karibu yote, ikabaki friza ya maabara ya kugandisha, lita 500, yenye dhamana. Ile hasi 80 iliondoka pamoja na namba ya modeli.

Zabuni ikatangazwa, makabrasha yakaja kwenye bahasha, tukafanya tathmini, ikaenda bodi ya zabuni, likatoka kusudio la kutoa tuzo, zikahesabiwa siku za malalamiko. Mwezi wa nane ikashushwa friza ya hasi 40. Mzabuni alileta tulichomwomba, na bei yake ilikuwa ya chini kuliko wote. Kamati ya mapokezi haikuwa na mstari hata mmoja kwenye karatasi wa kuikatalia. Sampuli zetu zilikaa kwenye maabara ya hospitali ya jirani hadi mradi unaisha, na kila tukizihitaji tulibeba maboksi ya barafu kuzifuata.

Tangu siku ile, mtu akiniambia sheria imemchelewesha, huwa namuuliza kwanza spesifikesheni aliandika nani.

Sasa mabadiliko yenyewe. Sheria mpya ilianza kutumika Juni 2024 na kanuni zake Julai, lakini NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, ulikuwa umetangulia katika mwaka wa fedha 2023/24, ukachukua nafasi ya mfumo wa zamani, TANePS. Kwetu, NeST ndiyo iliyobadilisha maisha kuliko kifungu chochote. Mpango wa ununuzi wa mwaka unaingizwa humo, zabuni inatangazwa humo, tathmini inafanyika humo, na kila hatua inaonyesha imekwama mezani kwa nani. Zamani ukiuliza jalada lako liko wapi unaambiwa "linashughulikiwa". Mara ya mwisho nilipokaa kwenye tathmini tulimaliza kwa siku nne, tena waombaji wengine walitoka mikoa ambayo hatukuwahi kuona barua yao hapa. Hilo nalisifu bila kusita.

Nasifu pia lile fungu la asilimia 30 kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kuna vijana tuliowafundisha sisi wenyewe waliosajili kikundi, wakashona makoti ya maabara ya mwaka wa kwanza. Koti zuri kabisa. Ila walilipwa baada ya miezi mitano, na kikundi chenye mtaji mdogo hakivumilii miezi mitano. Kuwatengea zabuni kisha kuwacheleweshea malipo ni kuwaingiza kwenye madeni, na hapo chuo chetu kilikosea.

Tunapokwama bado ni kwenye utafiti. Sheria hii inaliweza jengo. Hosteli za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zilizojengwa na Wakala wa Majengo na kufunguliwa Aprili 2017, majengo 20 ya wanafunzi 3,840, ni kitu unachokichora, unakipangia bajeti, unakifanyia mkataba. Kimeng'enya cha kupimia vinasaba hakiko hivyo. Kinaagizwa nje, kinasafiri kwenye barafu kavu, kikikaa uwanja wa ndege siku chache barafu inaisha na kazi imeharibika. Nacho hukijui Aprili wakati idara inaandaa mpango wa mwaka unaoanza Julai, kwa sababu jaribio la Oktoba ndilo litakalokuambia unahitaji kipi Desemba. Mfadhili naye anaweka fedha Novemba. Kitu ambacho hakimo kwenye mpango hakitangazwi, kwa hiyo mpango uhuishwe, uidhinishwe, ndipo uanze. Kwa mradi wa miezi 24, sisi safari moja tulianza kupima sampuli mwezi wa kumi na moja wa mradi.

Halafu kuna wauzaji. Kiwanda cha Ulaya hakihangaiki kujisajili kwenye mfumo wetu kwa oda ya milioni sita, kwa hiyo tunanunua kwa wakala wa hapa ambaye mara nyingi hana stoo ya baridi. Ndiyo maana sasa kwenye spesifikesheni zangu naandika kwamba muda wa matumizi uliobaki usipungue robo tatu siku ya kupokelewa, na kifaa cha kurekodi joto kiambatane na mzigo toka kiwandani. Kwa mistari hiyo miwili, mwaka jana tulikataa mzigo mmoja, kihalali, na mzabuni akaleta mwingine kwa gharama yake.

Ningepewa nafasi ya kupendekeza, ningeomba kanuni ziwe na njia ya pekee kwa vitendanishi vya utafiti, yaani kemikali na vimeng'enya vya kufanyia majaribio: mkataba maalumu wa miaka mitatu na wauzaji waliokaguliwa stoo zao, mtafiti aagize kadiri anavyohitaji ndani ya kiwango kilichoidhinishwa. Kwa wino wa printa na shajala utaratibu wa namna hiyo upo siku nyingi kupitia GPSA, Wakala wa Huduma za Ununuzi Serikalini. Sioni kwa nini kimeng'enya kikose.

Kwako wewe unayesubiri kemikali: usiende kugombana na afisa ununuzi. Mpelekee andiko lako la mradi kabla hujasaini na mfadhili, mkae wote wawili mpitie kila kifaa, kiingie kwenye mpango hata kwa makadirio. Wa kwetu nilimpelekea Februari. Alinirudishia orodha ikiwa na maswali kumi na manne, na saba kati ya hayo sikuwa na majibu yake.