Tuhame lini kutoka MySQL 5.7?

SWALI: Assalaam alaykum. Hoteli yetu ya Nungwi inatunza nafasi za wageni na hesabu za mkahawa kwenye MySQL 5.7, programu ya kuhifadhi data. Fundi anasisitiza tuhamie toleo jipya. Mhasibu anasema mashine haijatusumbua, iachwe. Tumsikilize nani, na kazi yenyewe ifanywe lini?
Meneja, Nungwi

JIBU: Waalaykum salaam. Kuhama ni lazima. Marekebisho ya 5.7 yalikoma Oktoba 2023. Tundu la usalama likigunduliwa sasa halizibwi, nanyi mna nambari za pasi za watu humo. Nendeni 8.4, iliyotoka 2024 na inayotunzwa kwa muda mrefu. Ila hamwezi kuruka: 5.7 hupandishwa kwanza 8.0, ndipo 8.4.

Hofu ya mhasibu nayo ina msingi. Mkishapanda 8.0 hakuna kushuka, maana muundo wa faili za data hubadilika na 5.7 haiwezi kuzisoma tena. Kurudi ni kwa nakala rudufu tu, na nakala isiyowahi kurejeshwa kwenye mashine nyingine ikajaribiwa, msiitegemee.

Muulizeni kwa maandishi aliyewauzia programu ya hoteli kama inaendana na 8.4. Akisema bado, tarehe yenu inamsubiri yeye.

Wakati mzuri ni Masika, Aprili na Mei, wageni wakiwa wachache. Fanyeni katikati ya wiki, usiku, hesabu za siku zikishafungwa. Si mwisho wa mwezi wala mkesha wa Idi. Seva iwe kwenye UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika) yenye betri nzima.

Wiki tatu kabla, fundi arejeshe nakala kwenye kompyuta ya pembeni, aendeshe util.checkForServerUpgrade(), amri inayokagua kama data iko tayari kupandishwa, ndani ya MySQL Shell (dirisha la kuandikia amri za MySQL), kisha apande hatua zote mbili huku akipima muda. Hapo ndipo mengi hujitokeza. Seva ikigoma kuwaka, atazame my.cnf, faili la mipangilio ya MySQL: mipangilio ya query_cache_size na NO_AUTO_CREATE_USER ilifutwa katika 8.0, na mstari mmoja wa namna hiyo unatosha kuizuia. Safu za jedwali zilizoitwa rank au groups huleta kosa, kwani maneno hayo sasa ni ya MySQL yenyewe. Linalowashtua wengi zaidi ni nywila: 8.4 huzima mysql_native_password, njia ya zamani ya kuthibitisha nywila, hivyo watumiaji wa zamani hukataliwa mlangoni ingawa data ni salama. Wakiwa bado kwenye 8.0, wahamishiwe njia mpya, caching_sha2_password; kama programu yenu imeandikwa kwa lugha ya PHP, toleo la chini ya 7.4 haliielewi njia hiyo, nalo lipandishwe.

Usiku wa kazi wekeni saa ya kukata shauri. Mkianza saa tano na ikafika saa nane mapokezi bado hawawezi kufungua orodha ya wageni wa kesho, rejesheni 5.7 kutoka kwenye nakala, mpange usiku mwingine.